Fensi Inayolia Kila Usiku

King'ora cha fensi ya jirani kikilia saa nane za usiku, wewe hufanya nini? Unaamka, unavaa ndala, unachukua tochi, unatoka? Wapi! Unavuta shuka, unamsonya jirani kimoyomoyo, unageukia upande wa pili. Na huyo jirani mwenyewe, mwenye fensi yake, anapapasa rimoti kando ya kitanda, anabonyeza, kimya kinarudi, anaendelea kuuchapa usingizi. Hakuna aliyekwenda nyuma ya nyumba kutazama. Asubuhi mlinzi akiulizwa, anasema alikuwa paka.

Pengine kweli alikuwa paka. Lakini hilo ndilo ninalotaka tulizungumze jioni hii. Mtu ametoa mamilioni, amefungiwa nyaya sita juu ya ukuta, mashine inapiga tak, tak, tak usiku kucha, na taarifa inapotoka hakuna anayeiamini. Kwa maoni yangu fensi ya namna hiyo imefungwa nusu. Nusu ya pili, ile ya kuipanga isikie vizuri na iseme ukweli, fundi ameondoka nayo kwenye bodaboda.

Zamani mwenye kiwanja huku pwani alipanda minyaa au michongoma, basi. Baadaye zikaja kuta za matofali, na juu ya kuta vipande vya chupa vilivyopandwa kwenye saruji mbichi, vya kijani na vya kahawia. Kisha seng'enge, kisha ile seng'enge ya wembe. Vyote hivyo kazi yake ilikuwa moja: kumchelewesha na kumuumiza anayepanda. Fensi ya umeme ikaingia mjini, Masaki, Mikocheni, Mbezi Beach, Goba, ikavuka maji hadi Kigamboni, na wengi wakainunua kwa akili ile ile ya chupa. Ndiyo maana swali la kwanza kwa fundi huwa, "Fundi, inapiga kweli kweli?" Na fundi anayejua biashara yake anajibu, "Bosi, hii ni ya jouli nane. Hata tembo harudi." Bei inakubaliwa hapo hapo. Kwa tembo tutafika.

Tuanze na hilo la kupiga, maana lina hatari ndani yake na wengi hawaielewi. Mashine ya fensi, ambayo mafundi wanaiita enajaiza, inachukua umeme wa nyumba wa volti 230, au wa betri, inaujaza kwenye kapasita, halafu inaumwaga wote kwa mkupuo mmoja kupitia transfoma kwenda kwenye waya. Mkupuo huo unaweza kufika volti 8,000 au 9,000, lakini unakwisha kabla hata ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Baada ya hapo waya unakaa mtupu, inapita sekunde moja au zaidi, ndipo mkupuo mwingine unakuja. Huo muda wa kupumzika ndio unaomwokoa mtu. Misuli inashtuka, mkono unaachia, mtu anaanguka na matusi yake. Kiwango cha kimataifa cha mashine hizi, IEC 60335-2-76, kinataka mikupuo isikaribiane chini ya sekunde moja, na nishati inayotoka isizidi jouli 5 inapopimwa kwenye ukinzani wa omu 500. Kwa hiyo zile jouli nane za fundi, soma vizuri kasha. Mara nyingi hiyo ni nishati iliyohifadhiwa ndani ya kapasita, na inayofika kwenye waya ni pungufu.

Sasa tazama fensi nyingine. Mwaka 1915, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani waliokuwa wameikalia Ubelgiji walijenga fensi ya umeme kwenye mpaka wake na Uholanzi, watu wasitorokee nchi ambayo haikuwa vitani. Volti zake zilikuwa kama 2,000, robo tu ya hizi zilizo juu ya ukuta wako. Watu wengi waliogusa walikufa. Umeme ule ulitiririka bila kukatika, na aliyeshika hakupewa nafasi ya kuachia.

Ndiyo maana hapa napandisha sauti kidogo. Kuna watu, mashambani na hata mjini, wanaochukua waya kutoka kwenye soketi na kuufunga kwenye seng'enge, ati wanaokoa gharama ya mashine. Wanasema ni volti 230 tu. Hayo ni mauaji, ndugu yangu. Fensi hiyo haimchagui kibaka ikamwacha mtoto aliyefuata mpira, au fundi bomba, au dada anayeanika nguo mvua ikiwa imetoka kunyesha. Ukijua mtu amefanya hivyo mtaani kwako, mwambie leo. Akikataa, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa usiku huu huu.

Fensi ya mikupuo asili yake ni mifugo. Inasimuliwa kwamba huko New Zealand, miaka ya 1930, mkulima Bill Gallagher alichoshwa na farasi wake aliyependa kujikuna kwenye gari. Akabuni kifaa kilichotumia umeme wa kuwashia injini, farasi akilitikisa gari anapigwa. Farasi akaacha, na kutoka kwa farasi huyo ikazaliwa kampuni ya fensi inayojulikana dunia nzima. Ng'ombe au farasi akipigwa mara moja, anakumbuka na kukaa mbali. Mwizi naye anakumbuka, ila mwizi ana uwezo wa kurudi kesho na koleo lenye mpini wa plastiki. Kwa mtu wa koleo, kupiga pekee hakusaidii kitu.

Kinachosaidia ni waya wa kurudi. Zile nyaya za umeme juu ya ukuta, ingawa unaziona ni kadhaa, zimeunganishwa kuwa waya mmoja mrefu unaozunguka kiwanja chote na kurudi kwenye mashine. Mashine inatuma mkupuo upande mmoja na kuupima unapofika upande wa pili, kama mama anayehesabu watoto wakirudi kutoka shule. Ikituma 8,000 ikapokea 7,400, hali ni njema. Ikipokea 2,500, kuna kitu njiani kinaunywa umeme: tawi, mjusi, mtu. Isipopokea chochote, waya umekatwa. Yule wa koleo, basi, anapokata ndipo anapojitangaza, mradi mashine iwe imepangwa kumtangaza na pawe na mtu wa kumsikia.

Zipo njia nyingine za kulinda mpaka. Kuna vihisi vya mtikisiko vinavyofungwa kwenye uzio wa wavu, kuna miale isiyoonekana inayokatizwa na anayepita, kuna nyuzi za kioo zinazotandazwa kwenye uzio wa sehemu kubwa kama viwanja vya ndege. Zote zinajaribu kutofautisha mkono wa mtu na upepo, na zote zinasumbuliwa na upepo. Nabaki na fensi yetu ya ukutani, maana ndiyo iliyojaa mitaani.

Pwani yetu ina masharti yake. Ng'ombe anasimama kwenye udongo, umeme unampitia na kurudi mashineni kwa njia ya ardhi. Mtu aliyekaa juu ya ukuta mkavu wa matofali, tena amevaa raba, hana njia hiyo. Kwa hiyo juu ya ukuta waya wa umeme hupishana na waya wa ethi, yaani uliounganishwa na ardhi, wa umeme tena, wa ethi, hadi juu. Anayezipanua nyaya apenye anagusa zote mbili, na mzunguko unakamilikia mwilini mwake. Fundi anayefunga nyaya zote sita ziwe za umeme, bila ethi hata moja, juu ya ukuta mkavu wa Goba, amekuuzia pambo. Mtu anaweza kuzishika, umeme usipate pa kwenda, na mashine isione tofauti yoyote ya maana.

Ethi yenyewe ndiyo inayodharauliwa kuliko vyote, kwa sababu inafukiwa. Nondo moja fupi inapigwa nyundo mchangani, inafunikwa, kazi imekwisha. Mchanga wa Kunduchi au Kigamboni wakati wa kiangazi unapitisha umeme kwa shida. Zinatakiwa nondo kadhaa, kila moja zaidi ya mita moja, zilizoachana, zimeunganishwa pamoja, na ikiwezekana pale penye unyevunyevu, kama kwenye migomba inayokunywa maji ya bafuni. Tena ziwe mbali na ethi ya umeme wa nyumba. Kiwango nilichokitaja kinapendekeza angalau mita 10 inapowezekana. Zikikaribiana, mikupuo inaingia kwenye ethi ya nyumba, halafu unashangaa bomba la bafuni linakuchomachoma ukiwa na sabuni usoni.

Waya wa kupita chini ya geti uwe ule maalumu wa volti kubwa. Waya wa kufungia taa umetengenezwa kwa volti mia chache tu. Ukiupitishia 8,000 utavumilia kiangazi chote, kisha masika inakuja, maji yanajaa kwenye bomba lililofukiwa, na umeme unaanza kuvujia humo humo chini ya zege. Hutauona. Utasikia tu king'ora kila mvua inapokaza, na utalaumu mashine.

Halafu kuna chumvi. Upepo wa bahari unaacha utando kwenye vile vikombe vya plastiki vinavyoshika nyaya, mafundi wanaviita insuleta. Umande wa alfajiri ukiulowesha utando huo, umeme unapata njia. Anayeishi karibu na ufukwe akitoka nje wakati wa giza, taa zikiwa zimezimwa, anaweza kuziona cheche ndogo za buluu zikitambaa juu ya plastiki. Viungo navyo vinateseka. Fundi akizungushia waya wa shaba kwenye waya wa alumini na kuukaza kwa koleo, chumvi inaanza kuila alumini pale zinapogusana, na baada ya muda kiungo kinageuka unga mweupe. Kuna vibano vyake vya kuunganishia, bei yake si ya kumtoa mtu machozi. Vikombe navyo vioshwe, mashine ikiwa imezimwa, kabla ya masika na kabla ya vuli, kwa maji ya bomba, wala si ya kisima ambacho nacho kina chumvi yake.

Tuje kwa wapiga kelele wenyewe. Kunguru wa Dar es Salaam, wale ambao mababu zao waliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, hujenga viota kwa chochote wanachookota, vipande vya waya vikiwemo. Kipande kikidondoka kikalala kati ya waya wa umeme na wa ethi, king'ora hakinyamazi mpaka mtu apande ngazi. Mjusi naye anafuata wadudu wa taa ya ukutani, anajipenyeza kati ya kikombe na chuma, anapigwa, anakaukia hapo hapo, na mzoga wake unaendelea kuvujisha umeme kwa niaba yake. Bogonvilia haina haja ya kusimuliwa. Mnazi ulio karibu na ukuta ama ukatwe makuti mapema ama ukubali kuamshwa na kuti.

Makubwa hayo yanaonekana kwa macho. Yanayotesa ni madogo, na hapa, msikilizaji, redio uliyoishika ina kazi ambayo haikuandikwa kwenye kasha lake. Chukua redio ndogo ya mkononi, iweke kwenye masafa ya kati, AM, mahali pasipo na kituo. FM haikufai kwa hili. Tembea taratibu kandokando ya ukuta. Umeme unaoruka mahali, hata kama cheche haionekani, unasikika redioni, tak, kila mkupuo. Mlio unakua ukikaribia na kufifia ukipita.

Nilimwona fundi mmoja wa makamo akiifanya kazi hiyo Kigamboni, saa kumi na moja jioni, redio sikioni. Mama mwenye nyumba alikuwa anamfuata nyuma, uvumilivu umemwishia. "Fundi, si uache mpira kwanza unitengenezee hii fensi?" Fundi hakugeuka. "Subiri mama. Sikiliza hapa." Akaiinua redio karibu na nguzo ya kona, nyuma ya mpera. Tak, tak, tak. Akazima mashine, akapanda, akafungua kikombe kimoja, akakigeuza kwenye mwanga wa jua linalozama. Kilikuwa na ufa usioonekana mpaka ukikishika hivyo. Kikombe cha bei ya soda kilikuwa kikiuamsha mtaa mzima, na mtaalamu aliyemtangulia alikuwa ameshapendekeza mama anunue mashine mpya.

Waya ukishakuwa safi, ndipo inapofaa kugusa mipangilio. Kuanza na mipangilio kabla ya waya ni kuficha ugonjwa, na ndivyo fundi mvivu afanyavyo. Akiitwa kwa sababu ya kelele, anashusha kiwango cha kengele. Mashine iliyokuwa inalia volti zinazorudi zikishuka chini ya 5,000, anaipangia 1,500. Kimya kinapatikana, mteja anashukuru, chai inatolewa. Kuanzia usiku huo mtu anaweza kulaza tawi bichi juu ya nyaya zote na mashine ikaona mambo ni shwari.

Njia ya haki ni kupima. Soma volti zinazorudi mchana wa jua kali. Zisome tena alfajiri ya umande. Zisome siku ya mvua kubwa. Tuseme umepata 7,400, 6,600 na 5,900. Weka kengele chini kidogo ya ile ya mvua, 5,000 hivi. Siku mvua ikizishusha hadi 4,800 na king'ora kikalia, iache mashine ilivyo, nenda na redio yako ukatafute kikombe kilichopasuka. Namba hizo ziandikwe kwa kalamu ya wino ndani ya mlango wa sanduku la mashine, na tarehe yake. Fundi ajaye atakushukuru, au ataona haya, vyote vinafaa.

Mashine nyingi pia zinakuruhusu kuchagua isubiri mikupuo mibovu mingapi kabla ya kulia. Ukiweka mmoja, kila popo atakuamsha. Ukiweka ishirini, umempa mgeni sekunde ishirini za bure. Mitatu hadi mitano inatosha kwa nyumba nyingi.

Zoni, yaani kuigawa fensi vipande vinavyopimwa kila kimoja peke yake, nazipenda kuliko mpangilio wowote. Mashine ya zoni moja inakwambia tu kwamba kuna jambo mahali fulani. Ya zoni nne inakwambia jambo liko nyuma, upande wa banda la kuku. Saa nane za usiku tofauti hiyo ni kubwa. Mlinzi mmoja mwenye rungu anajua aende wapi, na wewe uliye ndani unajua ni mlango upi usiufungue. Ningeambiwa nichague kati ya mashine ya jouli nyingi yenye zoni moja na mashine ndogo yenye zoni mbili, nisingeumiza kichwa. Ila tahadhari moja: zoni ziwe za mashine moja, au za mashine zilizoundwa kupiga kwa pamoja. Mashine mbili zisizojuana zikifungwa bega kwa bega, kila moja inapiga kwa saa yake, na aliyeshika nyaya za zote mbili anapata mikupuo maradufu. Ile sekunde ya kuachia inapotea.

Umeme wa TANESCO ukikatika, fensi inaendelea kwa betri, kama betri ingali hai. Betri hizi ndogo za volti 12 huchakaa kimyakimya kwenye joto letu. Taa ya mashine inawaka kijani mwaka mzima, na siku ya giza lenyewe betri inashikilia dakika kumi. Zima swichi ya umeme mwenyewe, Jumamosi moja kila baada ya miezi michache, uone inashikilia muda gani. Na sanduku la mashine likae ndani. Nimeona limefungwa nje ya ukuta wa kibanda cha mlinzi, ambako mwenye kutaka kulizima hahitaji hata kuruka.

Kuna pia kifaa cha kukupigia simu au kukutumia ujumbe. Kizuri sana, lakini laini iliyomo ndani yake ni laini kama nyingine. Inataka usajili, inataka salio, na ikikaa muda mrefu bila kutumika inaweza kufungwa. Watu wananunua kifaa cha laki kadhaa halafu wanasahau vocha ya buku. Namba ya siri nayo inaachwa ile ile ya kiwandani, na namba hizo ziko kwenye kitabu cha maelezo ambacho kila fundi anacho. Ibadilishe fundi akiwa ameshatoka getini, usimwombe akubadilishie.

Sasa tembo niliyekuahidi. Kule Kenya kuna fensi ya umeme inayozunguka safu ya milima ya Aberdare, Nyandarua, yenye urefu wa kilomita 400 hivi. Ujenzi wake ulianza 1989 na kukamilika 2009, shirika la Rhino Ark likichangisha fedha, mwanzoni kwa ajili ya faru, baadaye kwa ajili ya msitu wote na mashamba ya watu wanaopakana nao. Ukisikia kilomita 400 unadhani ni kazi ya mitambo na kompyuta. Kumbe kila kipande kina watu wake wanaokitembelea kwa miguu, wakifyeka majani, wakipima volti, wakisimamisha nguzo zilizolala. Wasipotembea, majani yanaimaliza fensi kabla ya tembo.

Na tembo wanajifunza. Upande wa Mlima Kenya alikuwako dume mmoja aliyeitwa Mountain Bull, jina lake likavuma kwa kuvunja fensi. Pembe ya tembo haipitishi umeme kama ngozi yake, naye alilijua hilo kwa vitendo. Alizivunja nyaya kwa pembe, akapita kwenda alikotaka. Mwaka 2012 wahifadhi wakampunguza pembe ili aache. Mwaka 2014 alikutwa amekufa, kazi ya majangili. Nikimsikia fundi akisema hata tembo harudi, namwaza dume huyo. Mwenye nia na muda ataivuka fensi yoyote. Watu wa Aberdare hawashindani na tembo kwa jouli. Wanashindana naye kwa kujua mapema ni kipande gani kimeguswa, na kuwahi.

Kwako anawahi nani? Hilo lipangwe kabla ya nguzo ya kwanza kuchimbiwa. Kama una kampuni ya ulinzi, waulize gari lao hukaa wapi usiku, usiulize lina rangi gani. Kama una mlinzi, aoneshwe mashine, ajue zoni, ajue taa ipi ni ya nini. Walinzi wengi wanakatazwa hata kulikaribia sanduku, kisha wanalaumiwa. Kama huna wote hao, una majirani, na majirani wanaanza kupotea siku unapofunga mabano ya kushikia nyaya yakainamia upande wao. Nyaya ziinamie kwako au zisimame wima. Ukuta ukiwa wa pamoja, piga hodi kwanza, ongea na mwenzako. Vibao vya tahadhari viwe vya njano, vionekane kutoka nje na kutoka kwa jirani, vyenye ile picha ya mkono unaogusa waya, maana mtoto wa miaka minne hasomi "Hatari". Na king'ora kipangwe kilie dakika chache kisha kinyamaze, taa ya kumulika ibaki ikiwaka. Mtaa unaolala ndio unaoamka ukiitwa.

Fundi akishamaliza kazi, kabla hujatoa malipo yaliyobaki, mpe mtihani. Aende kona iliyo mbali kabisa na mashine, achukue waya wake wa kupimia wenye mpini, aguse nao waya wa umeme na wa ethi kwa pamoja. Wewe kaa sebuleni, simu mezani, hesabu sekunde. Kisha arudie umeme wa nyumba ukiwa umezimwa kwenye meinswichi. Kisha afungue kiungo kimoja, waya uwe umekatika kabisa. Mara zote tatu king'ora kilie, ujumbe ufike, na ujumbe uutaje upande wenyewe. Usipofika, mkaribishe fundi chai, halafu arudi kwenye ngazi.